Lita Moja, Kilomita Nane

Pikapu ilikuwa imeshaanza kutoka kwenye yadi ya gesi, na Brosha bado anakimbia kando yake, mkono mmoja kwenye kitasa cha mlango, mwingine umekumbatia begi la nguo za mtoto.

"Dada, ngoja basi! Sijui kama mlango wa nyuma umekaza!"

"Umekaza. Nimeufunga mimi," dereva alijibu bila kugeuza shingo. "Ingia au baki."

Brosha akajirusha ndani kama gunia la mchanga, na gari zima likainama upande wake kabla ya kujiweka sawa. Huko nyuma mitungi kumi ya oksijeni iligongana mara moja, ngoo, kisha kamba zikaishika. Fundi wa gesi alisimama langoni akiwapungia mkono huku anatikisa kichwa, kwaheri ya aina ambayo haimpi msafiri raha.

Dereva alikuwa shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe. Barabarani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Klachi, kwa sababu alipokuwa akifundisha madereva wapya wa malori hakuwa na neno jingine mdomoni: klachi, klachi, we mtoto utaua gari, klachi! Alikuwa amekula lami na vumbi tangu ujana, na sasa, mama wa makamo, amekalia kiti cha gari lisilo na klachi hata ya dawa. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unatafutatafuta sakafuni kama mtu aliyeamka hajui viatu vyake viko wapi.

"Ulaze tu huo mguu," Brosha alisema akihema. "Hauna kazi humu."

"Hata wewe huna kazi humu, na sijakuambia ulale."

Kwa kawaida Brosha angelijibu hilo. Shemeji huyu na shemeji huyu walikuwa hawapitishi siku bila kuchokozana. Lakini asubuhi hiyo alicheka kwa pua tu, akatazama simu yake, akairudisha mfukoni, akaitoa tena.

Mambo yalikuwa hivi. Mkewe Brosha, ambaye ndiye mdogo wake Klachi, alikuwa kazini huko mlimani alipozidiwa ghafla na kujifungua kabla ya wakati wake. Mtoto njiti, mdogo kama mkate, mapafu hayajakomaa. Hospitali ya huko ilikuwa na mashine ya kutengeneza oksijeni, lakini mvua zilikuwa zimeangusha nguzo za umeme, na dizeli ya jenereta ilikuwa ukingoni. Mlima wenyewe ulikuwa umetitia. Kipande cha barabara kilikuwa kimekaa vibaya ubavuni mwa bonde, na wanajeshi wa ujenzi wakaweka geti: hakuna gari linalozidi tani tatu, gari na vyote vilivyomo. Malori hayapiti, matangi ya mafuta hayapiti. Ng'ambo ya pili vituo vyote vya petroli vilikuwa vimekauka.

Sista mkuu wa wodi alikuwa amewaambia kwa simu: "Leteni mitungi kumi. Kumi itatuvusha mpaka dizeli ipite. Tisa, sijui. Tusidanganyane."

Pikapu ya kawaida ingefika huko, lakini ingebaki hukohuko na mitungi mitupu, haina cha kurudia kuja kujaza. Ndipo Brosha akaikumbuka haibridi iliyokuwa inang'aa mbele ya yadi alimokuwa akiuza magari. Ya petroli na betri, yenye sifa ya kunywa mafuta kwa kijiko. Bosi wake alikuna kichwa, akaitoa kama gari la majaribio, na Klachi akaandikwa kuwa mteja anayefikiria kununua.

"Mteja gani mwenye sura hii," Klachi alikuwa amesema.

Sasa mteja huyo alikuwa anaanza kupanda. Kwenye tambarare gari lilikuwa limekwenda kimya kama paka, na Brosha akasahau hofu kidogo, akaanza kuuza.

"Unaona? Lita moja, kilomita kumi na nane. Unaisikia injini? Huisikii. Sasa hivi tunakwenda na betri."

"Nani alisema kumi na nane?"

"Kampuni."

"Kampuni ilipanda mlima gani?"

"Dada, wale wana wataalamu..."

"Nimekuuliza mlima, sijakuuliza wataalamu. Walibeba nini? Walibeba brosha?"

Ndiyo jina lake lilikotoka. Kila alichoambiwa alijibu kwa kilichoandikwa kwenye brosha. Hakuwa mwongo. Aliamini kila neno, na hilo ndilo lililomfanya auze sana.

Huko nyuma kwenye bodi, mbali na mitungi, kulikuwa na madumu mawili ya petroli. Brosha alikuwa ameyapinga palepale kwenye yadi ya gesi, akaona kama gari lake linatukanwa. Klachi alikuwa amemwonyesha kibandiko cha mlangoni. Mzigo: kilo mia saba na hamsini; jumla na gari, tani tatu kamili. "Mtungi mmoja kilo sitini na tano. Mara kumi, mia sita na hamsini. Bado nina nafasi ya mia nzima. Madumu yataingia na mengine yangeingia." Na kweli, hesabu ilikuwa nyoofu. Hivyo ndivyo alivyopakia lori maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumrudisha.

"Pikapu ya dizeli ya umbo hili hubeba tani nzima," alikuwa ameongeza, ili amalize. "Hii mia saba. Unajua kwa nini? Hiyo betri yenu. Abiria wa tatu, na nauli halipi."

Mlima ulipoanza kusimama, kimya kiliisha. Injini iliamka na haikulala tena. Kwenye kioo cha dashibodi tarakimu zikaanza kuporomoka: kumi na mbili, tisa, saba. Klachi aliendesha alivyozoea kuendesha, yaani akikiona kilima anakikaribia kwa kasi, anakipiga kwa nguvu ili gari lisichoke katikati. Zikatulia kwenye sita. Lita moja, kilomita sita.

Brosha alikitazama kioo kile mpaka macho yakamuuma. "Labda haijazoea," alisema.

"Haijazoea nini?"

"Mzigo."

"Si ndiyo kazi ya pikapu? Ungeniuzia kabati basi."

Simu ikalia. Alikuwa mkewe. Klachi aliisikia sauti ya mdogo wake ikitoka kwa mikwaruzo, nyembamba, si ile yake ya mtu aliyezoea kufokea watu soko zima. "Wameunganisha mtungi wa mwisho. Uko wapi?"

"Njiani, mama. Njiani. Nakuja."

"Usinijie na maneno, baba. Njoo na gesi."

Mtandao ukakata. Klachi akakaza mguu, na ile sita ikazidi kuganda palepale.

Walipofika getini walikuwa wa mwisho. Magari mengine ya kupanda yalikuwa yameshaingia. Zamu ya mchana ingekuwa ya kushuka. Wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya bega la mlima kama nguo iliyoanikwa ikasahauliwa. Sajini wa geti, mwanamume mwembamba mwenye koti la mvua lililomzidi, aliwaongoza juu ya vibao vya mizani, akainama kusoma, akainuka.

"Mmezidi."

"Hatujazidi," Klachi alisema kupitia dirishani.

"Mmezidi karibu kilo mia."

"Haiwezekani, afande. Kibandiko mia saba na hamsini. Nimebeba mia sita na hamsini, na madumu mawili yasiyofika hata arobaini. Mzigo wangu naujua."

"Na nyinyi je?"

"Sisi nini?"

"Nyinyi kilo ngapi?"

Klachi alimtazama kama mtu aliyeulizwa rangi ya nguo zake za ndani. "Sisi si mzigo. Sisi ni watu."

"Kwenu nyumbani," Sajini alisema taratibu. "Hapo juu ya mizani nyote ni mzigo. Wewe, yeye, begi, chai uliyokunywa. Kampuni ikisema mia saba na hamsini inakuhesabu na wewe. Madereva wa malori wote mnanijia na wimbo huohuo."

Ulikuwa ukweli rahisi, na ulimwingia Klachi kama maji ya baridi shingoni. Kwenye lori la tani nyingi dereva ni inzi juu ya ng'ombe, nani atamhesabu? Brosha naye, aliyekuwa amemeza brosha nzima, hakuwahi kufika mahali akajiona yeye mwenyewe kwenye neno lile.

"Punguzeni au geuzeni," Sajini alisema. "Na mfanye haraka. Tone moja la mvua likianguka hapa, nafunga, na sifungui mpaka udongo ukauke."

Walishuka wote wawili mbio. Brosha alitoa spea tairi na jeki, akavitupa kando ya kibanda. Sajini akasoma, akawajumlisha na wao wawili: bado. Brosha akashusha madumu, moja huku, jingine huku, akijikwaa. Akatoa begi la mtoto. Akatoa mazulia ya miguuni. Akavua koti, akavua mkanda, akawa anafungua kamba za viatu.

"Baba," Sajini alisema, "hata ukibaki kama ulivyozaliwa, mmezidi ishirini na kitu."

"Basi mtungi mmoja," Brosha alisema. "Tuache mtungi mmoja. Tisa si haba, dada. Tisa ni mingi."

"Sista alisema nini?"

"Alisema kumi, lakini..."

"Alisema tisa hajui. Wewe unajua?"

"Niache nitembee basi! Nitapita kwa miguu, nitawakuta ng'ambo!"

"Huko mawe yanaporomoka," Sajini alisema. "Simruhusu mtembea kwa miguu hata awe baba yangu mzazi."

Wakabaki wanatazamana, shemeji na shemeji, na kati yao mtoto ambaye hakuna kati yao aliyekuwa amemwona. Klachi alijua analolifikiria mwenzake, kwa sababu na yeye alikuwa analifikiria. Mmoja atabaki.

"Baki wewe," Brosha alisema ghafla. "Gari nalijua mimi. Mke ni wangu, mtoto ni wangu. Nipe ufunguo."

Klachi hakukasirika. Alimwonyesha barabara kwa kidevu: utelezi mwekundu uliopinda ubavuni mwa mlima, upande mmoja ukuta wa udongo unaotoa machozi, upande wa pili hakuna kitu. "Umewahi kuendesha gari lililoshiba kwenye tope namna ile?"

Brosha alitazama.

"Sijawahi."

"Haya."

"Nimemwahidi nakuja, dada. Umenisikia nikimwahidi."

"Nimekusikia. Naye akakuambia nini? Njoo na gesi."

Tone la kwanza lilianguka juu ya boneti, tap. Sajini akainua uso juu, akaanza kutembea kuelekea kwenye gogo la kufungia geti. Klachi akarudi nyuma ya usukani. Basi Brosha akashika mlango wa dereva kwa mikono miwili, akazungumza mbiombio, na safari hii hakuwa anauza.

"Nisikilize. Usiliendeshe kama lori. Usikikimbilie kilima, kipande polepole, mguu mwepesi, hata wakikupita konokono waache wakupite. Ukiuona mteremko, achia mguu mapema, mapema kuliko unavyotaka, halafu gusa breki kidogokidogo kama unamgusa mtoto aliyelala. Hapo linajichaji. Ukibana breki ghafla unautupa moto wote. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Sasa umeshuka wewe, nafasi ipo. Rudisha mzigo!"

"Mzigo?"

"Mzigo, bwana, mzigo! Anafunga geti!"

Brosha akakimbia. Klachi alikuwa ameshawasha, macho kwa Sajini na gogo lake. Alisikia mlango ukifunguliwa nyuma yake, kitu kikatua, mlango ukafungwa, pu. Brosha akapiga bati kwa kiganja mara mbili, kama wafanyavyo makuli. Mizani ikakubali. Pikapu ikapita chini ya gogo wakati matone yalikuwa tayari yanahesabika, na geti likashuka nyuma yake.

Kile kipande kilichotitia hakikuwa kirefu, lakini Klachi alikipita ameuma meno. Gari lilikuwa linateleza kwa nyuma kila kwenye kona, zito, taratibu, kama mtu mnene anayecheza muziki asioujua. Jiwe moja saizi ya kichwa liliruka mbele yake likaingia bondeni bila sauti. Hakupiga breki. Hakukoleza. Alipotokea ng'ambo, kwenye ardhi ngumu, alijikuta anaimba kitu, na hakujua alianza saa ngapi.

Kioo kilimwambia lita kumi na mbili na ushee. Hospitali ilikuwa bado kilomita mia hivi. Kwa sita aliyoizoea, angeishia njiani. Hakuwa na wasiwasi. Alisimama, akashuka chini ya mvua, akazunguka kwenda kuchukua madumu.

Bodi lilikuwa na mitungi kumi na kamba.

Akapanda juu, akachungulia katikati ya mitungi. Akashuka, akainama chini ya gari, ingawa alijua hakuna mtu anayeweka dumu chini ya gari. Kisha akafungua mlango wa nyuma. Kwenye kiti lilikaa begi la nguo za mtoto, limefungwa vizuri na mkanda wa usalama.

"Nimesema rudisha mzigo," Klachi alisema kwa sauti, peke yake mlimani.

Na ndivyo alivyosema kweli. Mtu akiwa safarini, mzigo wake ni nini kama si begi lake? Dakika ile ile walikuwa wametoka kufundishwa kwamba mizani inaona kila kitu ni mzigo, na yeye akalitumia neno kama vile dunia nzima inapakia malori. Alitoa simu. Hakuna mtandao. Alitazama nyuma. Barabara ya kurudi ilikuwa imeshaanza kubeba maji.

Akapiga hesabu akiwa amesimama. Ili afike, kila lita ilipaswa impe kilomita nane. Tangu mlima uanze ilikuwa inampa sita. Kumi na nane ilikuwa ya brosha.

Akaingia ndani, akaulaza mguu wa kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu alipofundishwa kazi akaamua kuendesha gari kama alivyoelekezwa na mtu anayeuza magari.

Ilikuwa adhabu. Kila kilima kilipojitokeza mwili wake wote ulitaka kukirukia, na kila mara alilazimika kuung'ata ulimi na kukipanda kwa mwendo wa mazishi. Injini iliguna. Kioo kilisema sita, kikasema sita, kikafikiri, kikasema saba. Kwenye mteremko wa kwanza akaachia mguu mapema kuliko alivyotaka, akagusa breki kidogokidogo, na kwenye kioo kibetri kidogo cha kijani kikaanza kujaa. "Kumbe," alisema. Akachelewa kona moja, akabana breki kwa ghafla, kile kibetri kikasimama, akajitukana tusi la mpakiaji wa saruji.

Kituo cha petroli cha kwanza kilikuwa na pampu zilizovishwa magunia. Mhudumu alikuwa amekaa juu ya kreti anamenya kitu kwa kisu.

"Hata lita moja, kaka?"

"Mama, hapa hata harufu yake tumeisahau." Akatazama bodi. "Ya hospitali hiyo?"

"Ndiyo."

"Kimbia basi."

"Kukimbia ndiko nilikokatazwa," Klachi alisema, akaondoka polepole, na mhudumu akabaki anamshangaa.

Mbele kidogo mtu alisimama kando ya barabara, mguu mmoja umefungwa vitambaa vilivyolowa, ameegemea fimbo. Aliona gari, akainua mkono wote. Alikuwa anakwenda kulekule, hakuna pengine pa kwenda na mguu ule. Klachi hakuwahi kumpita mtu wa namna hiyo maishani mwake; lori lake lilikuwa linajulikana kwa hilo. Mkono ukamwendea kwenye swichi ya indiketa ili asimame. Akamtazama mtu yule: mrefu, mifupa mikubwa, kilo themanini. Alikuwa amemwona mtu akamwona kilo, na kabla hajamaliza kuona aibu alikuwa ameshampita. Kwenye kioo cha pembeni mkono ule ulibaki juu kwa muda, kisha ukashuka.

Kioo kilisema saba na nusu.

Taa ya mafuta iliwaka kabla ya bonde la mwisho. Tangu hapo gari halikumwambia tena kilomita zilizobaki. Liliweka vistari tu, kama mtu aliyekataa kuendelea na mazungumzo. Klachi alizima waipa za kioo cha mbele mvua ilipopungua, akazima redio ambayo haikuwa imewashwa, akafungua dirisha, akalifunga, akijua hakuna maana. Bonde lilikuwa refu, mteremko mrefu wa kona kona, na ng'ambo yake, juu, aliona bati jekundu la hospitali. Kama lingekuwa lori angeteremka kwa kishindo ili limtupe nusu ya kile kilima cha pili. Mwili wote ulimwambia hivyo. Aliachia mguu. Aligusa breki kidogokidogo. Magari mengine hakuna, kimya kitupu, na kibetri cha kijani kikijaa mpaka juu.

Chini kabisa, kwenye daraja, injini ilikohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Alingoja gari lisimame. Halikusimama. Liliendelea kutambaa lenyewe, bila sauti, kwa ule moto lililokusanya kwenye mteremko, na Klachi akashika usukani kwa ncha za vidole kama angeweza kulipunguzia uzito kwa kulishika hivyo. Kibetri kilianza kunywea, kijipande baada ya kijipande. Kilima. Kona. Mwembe ulioangukia mtaro. Ukuta wa hospitali. Geti la hospitali lilikuwa limefungwa, mlinzi ndani ya kibanda amempa mgongo, na pikapu ilikuja mpaka kwenye nondo za geti kimya hivi kwamba mlinzi hakugeuka. Klachi akaikandamiza honi kwa kiganja chote na hakuiachia.

Mlinzi aliruka. Geti likafunguka. Kibetri kilikuwa na kijipande kimoja pikapu ilipofika mbele ya wodi, na hapo, bila kuombwa, ikazima kila kitu.

"Kumi?" sista mkuu aliuliza, tayari anapanda kwenye bodi na sketi yake.

"Kumi," Klachi alisema. Akashuka kwenda kufungua kamba.

Mtungi wa kwanza ulikwenda kwa watoto njiti. Mshale wa kipimo cha ule uliokuwa ukitumika ulikuwa umeshalala. Mtoto wa mdogo wake alikuwa wa kike. Alikaa hospitalini mpaka akafikisha uzito wa kuruhusiwa, akaruhusiwa, na sasa anatambaa. Mzee mmoja wa wodi ya wanaume alikuwa amefariki kabla pikapu haijafika, na hakuna aliyejua kama mtungi ungemsaidia. Mtu wa mguu aliletwa jioni juu ya baiskeli iliyokuwa inasukumwa. Alimtambua Klachi mlangoni, hakumsalimia, na Klachi hakumlaumu. Mguu haukukatwa.

Brosha alikaa getini mpaka udongo ulipokauka. Alilala kwenye hema la wanajeshi, akala chakula chao, akawaeleza habari za magari mpaka wakamwomba apumzike. Alifika na madumu mawili, moja kila mkono, na mkewe alimwacha asimame nayo kwa muda kabla ya kumwambia ayaweke chini. Petroli hiyo ndiyo iliyorudisha mitungi mitupu. Bado anauza magari. Mteja akimuuliza lita moja inakwenda wapi, humuuliza kwanza anabeba nini na anapanda wapi, na bosi wake analalamika kwamba anauza polepole siku hizi.

Sajini alihamishwa. Barabara mpya ilichongwa upande wa pili wa mlima. Pikapu ilinunuliwa na mwenye biashara ya maua mjini, hajarudi kulalamika. Kabla ya hapo Klachi aliulizwa na bosi wa yadi kama ataichukua, kwa kuwa kwenye karatasi yeye ndiye aliyekuwa mteja. Alisema gari ni zuri, mzigo wake mdogo. Akarudi kwenye lori lake, na mwezi huo alibeba saruji.